Mwanangu Alifuta Bakshishi ya Wahudumu wa Meli, na Visheti Vyangu Vikakataliwa

Baharia Mstaafu, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa Tanga, umri wangu miaka 66. Mwaka huu nilikwenda Houston, Marekani, kumwona mwanangu na familia yake, nao wakaniandalia jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: safari ya siku 7 kwa meli ya kitalii, kutoka bandari ya Galveston kwenda visiwa vya Cozumel na Roatán na kurudi. Meli yenyewe ni mtaa mzima unaoelea. Tulikuwa watu watano, vyumba viwili. Mimi nililala na mjukuu wangu wa kike.

Mhudumu wa vyumba vyetu alikuwa kijana wa Mombasa. Siku ya kwanza nilimsikia mlangoni akisema Kiingereza na mkwe wangu, nikajiambia, sauti hii ni ya pwani. Nikamwuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?" Akaweka mashuka chini, akainama, "Shikamoo mama. Kwetu Likoni." Tangu saa hiyo nikawa na mtoto melini. Kila jioni tulikuta taulo limekunjwa kitandani likawa tembo, mara kima, mara kasa, na mjukuu wangu hakubali kulala mpaka amelipa jina. Kijana akaniambia huo ulikuwa mwezi wake wa sita tangu aondoke nyumbani, na bado mitatu.

Siku ya tatu mwanangu akafungua hesabu yetu kwenye simu akakuta makato ya bakshishi: dola 16 kwa kila mtu kwa kila siku, watoto nao wamo. Watu watano kwa siku saba, dola 560. Akapandisha hasira. Akasema nauli amelipa, chumba kinafanywa mara moja tu kwa siku, watoto wanakula chipsi na kulala, iweje yeye alipie kampuni mishahara ya watu wake? Akaenda kaunta ya wageni akataka yafutwe yote, na hawakumbishia. Aliporudi akaniambia, "Mama usiwe na wasiwasi, nitawapa mwenyewe mkononi." Usiku wa mwisho alimpa yule kijana dola 20, na mhudumu wa meza yetu dola 20. Ikaishia hapo.

Mimi nami nilikuwa na changu. Kabla ya safari nilikaanga visheti pale kwa mwanangu, nikavitia kwenye kopo. Nilipompa kijana, alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, kisha akanirudishia. "Nisamehe mama, siruhusiwi." Ndugu yangu, iliniuma. Kwetu anayekirudisha chakula chako anakuambia kitu. Basi nikatoa doti ya khanga ampelekee mama yake, na noti ya shilingi 10,000 ya kwetu iwe ukumbusho. Hivyo akavipokea, lakini akaniomba niandike kwenye karatasi kwamba nimempa mimi, niweke namba ya chumba, tarehe na sahihi. Nikaandika. Moyoni nikawaza, sasa zawadi inatolewa kwa hati kama kiwanja?

Asubuhi ya kushuka alinibebea begi hadi kwenye lifti. Akasema, "Safari njema mama, uniombee." Nilishindwa kumtazama usoni.

Tuliporudi Houston, mama mmoja wa kwetu ambaye husafiri kwa meli hizo mara kwa mara akanieleza kuwa tumewadhulumu wale watu. Mkwe wangu anasema heri hatukutoa zaidi, maana zawadi zinawafukuzisha kazi. Mwanangu amenuna, hataki jambo hili litajwe mezani. Na Desemba wanataka kwenda tena, nami nimo.

Naomba unieleze bila kunibembeleza. Mwanangu alikosea? Khanga na visheti vyangu vilikuwa kosa? Watu hutoa kiasi gani? Na hili lililokwisha kutokea lina dawa?

Mwalimu wa Chumbageni

---

Mwalimu, shikamoo.

Nianze na visheti, maana hapo ndipo kalamu yako ilipokwaruza. Kijana alikuwa analinda kazi yake, na nina hakika alivitamani kuliko mjukuu wako. Miezi sita bila kisheti, mtu wa Likoni! Lakini melini kuna kitu kinachoogopwa kuliko dhoruba, nacho ni tumbo la kuendesha. Kirusi kiitwacho norovirus kikiingia kwenye meli yenye watu elfu kadhaa wanaoshika koleo zilezile za chakula na reli zilezile za ngazi, haichukui siku nyingi zahanati ikajaa. Meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa na watu wa afya wa serikali wanaoingia bila kupiga hodi. Alama ni 100, na meli ikipata 85 kushuka chini imefeli, na matokeo yanawekwa hadharani. Ndiyo maana kampuni nyingi hazitaki kabisa chakula kilichopikwa nyumbani kipande melini, sembuse kiliwe na mfanyakazi anayeingia vyumba ishirini kwa siku. Wewe ulivipitishaje pale kwenye mashine ya ukaguzi, mwalimu, hilo nakuachia mwenyewe.

Na ile karatasi. Mhudumu wa chumba anashika funguo za vyumba vya watu. Mgeni akikosa hereni yake, wa kwanza kuitwa ni yeye, hata kama hereni iko kwenye mfuko wa koti la mwenyewe. Kitu kilichobaki chumbani bila maelezo kinahesabiwa kimesahauliwa, kinapelekwa kwenye stoo ya vilivyopotea. Na mfanyakazi anaposhuka bandarini naye hupita kwenye ukaguzi. Sasa mfikirie kijana wa kiume na khanga mpya begini, hana karatasi, mlinzi hajui hata khanga ni nini. Atajieleza vipi? Sahihi yako ilikuwa ngao yake. Siku nyingine iandike kabla hajaomba. Kumwomba mgeni mwenyewe karatasi kunahitaji moyo.

Hapo mkwe wako ameshika nusu ya habari. Zawadi ndogo inaruhusiwa kwenye kampuni nyingi. Kinachomfukuzisha mtu ni kuomba, au kuzungukazunguka na kudokeza kwamba mwanawe anaumwa, au kukutwa na kitu ambacho hawezi kueleza kimetoka wapi.

Khanga yenyewe ilikuwa zawadi iliyopimwa vizuri kuliko ulivyojua. Chumba cha mfanyakazi kiko chini kabisa, mara nyingi chini ya usawa wa maji. Hakina dirisha, vitanda viwili vimepandana, kabati ni la mtu mmoja mwembamba. Nilikaa humo miezi tisa na Mfilipino mmoja aliyekoroma kama jahazi linaloburutwa juu ya changarawe, Mungu amweke. Kila kilo uliyopewa utaibeba mwenyewe kwenye ndege siku ya kurudi. Mimi nimewahi kupewa mwanasesere wa ukubwa wa mtoto wa miaka mitatu. Nimepewa sumaku za kubandika kwenye friji, friji ipi? Nimewahi pia kuachiwa mezani noti ya dola 100 iliyokunjwa, nikaingia nayo stoo moyo ukinidunda, kuikunjua ni kijikaratasi cha mahubiri kilichochapwa kwa sura ya noti. Mahubiri sikuyakasirikia. Khanga inakunjwa ikawa kama daftari, na mwisho wa safari kuna mama anayeisubiri. Hata ile noti yako ya 10,000 ina bahati, maana mtu wa Likoni ataivunja mpakani Horohoro siku yoyote. Ungempa yule Mfilipino wangu, angeitunza kama stempu.

Sasa la mwanao. Uliniambia nisikubembeleze. Alikosea.

Sikia kwanza. Kiswahili kina majina mengi ya fedha inayotoka mkononi bila risiti. Mwimbaji wa taarabu tunamtunza, noti inakwenda juu juu ukumbi mzima ukiona. Mpagazi tunampa ya soda. Kuna chai, ile inayopita chini ya meza. Ninyi Tanzania mlikuwa hata na takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ambayo sheria ya uchaguzi iliwaruhusu wagombea kuitoa tangu mwaka 2000 hadi Mahakama Kuu ilipoifuta 2006. Katika yote hayo, aliyenyimwa anarudi kwake na kilicho chake. Mwimbaji usipomtunza bado amelipwa na mwenye harusi.

Zile dola 16 hazimo kwenye kundi hilo. Zinaitwa bakshishi, lakini ni ujira. Umetolewa kwenye nauli ukaandikwa ukurasa wa nyuma, ili nauli kwenye tangazo ionekane ndogo. Mwanao alifikiri anakataa kutoa fadhila, kumbe amepunguza mishahara ya watu kwa maneno mawili kwenye kaunta.

Nilipoanza mimi, miaka ya 1990, nikiwa msaidizi wa mhudumu wa meza, mkataba wangu ulisema dola 50 kwa mwezi. Soma tena, kwa mwezi. Kilichobaki chote kilikuwa kwenye bahasha, na bahasha zilitolewa usiku wa mwisho wa kila safari. Huo usiku ulinifundisha mengi. Taa za ukumbi zinazimwa, wapishi wanaingia kwa mstari na keki za aiskrimu zinazowaka moto, muziki juu, wageni wanapunga vitambaa vya mezani, na sisi tunapunga. Kuna wageni niliowahudumia siku sita, nikajua nani hali kitunguu, nani anameza dawa ya presha kabla ya supu, nani amegombana na mkewe. Usiku wa saba viti vyao vitupu. Wamepanda juu kula bafe, kwa sababu bafe haina bahasha. Nami nimesimama napunga kitambaa mbele ya viti sita.

Kampuni kubwa zilipoanza kuacha bahasha, kuanzia miaka ya 2000, na kuweka makato ya kila siku kwenye hesabu ya mgeni, wengine tulinung'unika kwa sababu tulijua kuchekesha wageni na bahasha zetu zilikuwa nene. Lakini ukweli ni kwamba chungu kimoja kiliwafikia watu ambao mgeni hawaoni. Makato yale hugawanywa kwa mhudumu wa chumba, wa meza na wasaidizi wao, na kwenye kampuni nyingi pia kwa watu wa nyuma ya pazia, kama jikoni na dobi. Kwenye ngoma unayemwona ni mwimbaji, lakini kuna mtu nyuma anawamba ngozi.

Sasa chukua chaki. Dola 560 zilifutwa, 40 zikatolewa. Dola 520 zimepungua kwa watu ambao mwanao hakuwa na ugomvi nao na wengi hakuwahi kuwaona. Na zile 20 za kijana nazo huenda hazikuwa zake. Kampuni kadhaa zina kanuni kwamba mgeni aliyefuta makato, fedha yoyote taslimu atakayotoa lazima mfanyakazi aitie kwenye chungu. Mgeni aliyeyaacha makato yaendelee, ulichopewa mkononi ni chako. Kwa hiyo "nitawapa mwenyewe" ni ahadi nzuri ambayo utaratibu wa meli umeshaikata miguu.

Umeniuliza mambo manne, na kuna la tano hukuliandika lakini nimelisoma pale kwenye lifti. Unataka kujua kama alijua. Kwenye meli yangu ya mwisho, mgeni akifuta asubuhi, msimamizi wetu alikuwa na namba ya chumba kabla ya chakula cha jioni. Nadhani alijua tangu siku ya tatu. Taulo za siku ya nne, ya tano na ya sita alizikunja akijua.

Hata hivyo sitaki mwanao aisome barua hii akajiona jambazi, kwa sababu hasira yake ina msingi, tena mkubwa. Kampuni inayobeba watu elfu tano kwa safari moja ingeweza kuwalipa watu wake yenyewe. Kima cha chini cha mshahara wa baharia mzoefu kinachopangwa chini ya Shirika la Kazi Duniani kilifika dola 673 kwa mwezi Januari 2025, nacho kimewekwa kwa kumfikiria baharia wa sitaha na ni mwongozo tu. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unataka mtu apumzike angalau saa 10 katika kila 24. Mwalimu wa hesabu ataona upande wa pili wa sentensi hiyo: waweza kumtumikisha mtu saa 14 leo na usiwe umevunja kitu, ilimradi wiki isivuke saa 72. Siku ya mapumziko hakuna. Jumapili ni jina tu lililoandikwa kwenye zulia la lifti.

Na kwamba inawezekana kufanya vingine, inawezekana. P&O Cruises ya Uingereza iliondoa makato ya kila siku Mei 2019 ikayatia ndani ya nauli. Meli za kifahari sana, zile ambazo mimi na wewe tutaziona gatini tu, nazo mara nyingi hujumuisha kila kitu kwenye tiketi. Kwa hiyo mwanao akitaka kupigana, uwanja upo: aiandikie kampuni, au achague yenye bei iliyokamilika. Alichofanya ni kumkasirikia mwenye duka akampiga kibao mpagazi.

Hilo la chumba kufanywa mara moja kwa siku, nalo ni kweli. Zamani tulikuwa tunaingia asubuhi na jioni, na kampuni nyingi zimepunguza tangu janga la korona. Wenzangu walioko kazini wananiambia hawakupata usingizi wa ziada, walipata vyumba vya ziada.

Je, kuna wakati wa kupunguza? Upo. Ukikaa siku mbili choo hakifanyi kazi na hakuna anayekuja, nenda kaunta siku hiyohiyo, waambie, wape nafasi ya kurekebisha. Wasiporekebisha, haki yako. Lakini foleni ya kaunta usiku wa mwisho, ya watu waliokula, waliolala na kucheka wiki nzima ndipo wakakumbuka kanuni, hiyo nilikuwa naipita nikitazama sakafu.

Haya, Desemba.

Makato yaingizeni kwenye bei kabla hamjaamua kwenda. Kampuni nyingi zinakuruhusu kuyalipa mapema pamoja na tiketi, na kwa watu wenye moto kama mwanao ni dawa nzuri, kwa sababu yakishalipwa Oktoba hayatamwasha baharini. Kwenye meli kubwa za soko la Marekani, chumba cha kawaida ni kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Kama jumla hiyo inawashinda, basi safari ni ya bei kubwa kuliko mlivyodhani. Chagueni ya siku nne.

Mkishayaacha makato yalivyo, hamdaiwi kitu. Kinachotoka mkononi baada ya hapo ni zawadi kweli, na kiwango chake ni moyo wenu. Ukinishika koo nitaje namba, nitasema dola 20 hadi 40 kwa chumba kwa wiki kwa mhudumu wa chumba, na kitu kama hicho kwa meza iliyowatunza vizuri. Noti ndogo, safi. Sarafu za chuma za kigeni hazibadilishiki kwao, kwa hiyo unampa mzigo. Mtieni mkononi kwenye bahasha yenye jina lake na neno moja la shukrani. Karatasi hiyohiyo ndiyo ile hati ya kiwanja. Walezi wa chumba cha watoto wakumbukeni, maana wanasahaulika. Nahodha na maofisa hawapewi, msije mkamwaibisha mtu mwenye mistari minne begani.

Vinywaji na masaji tayari vinakatwa asilimia 18 hadi 20 juu ya bei. Kisha risiti inakuja na mstari mwingine mtupu wa kuongeza. Mstari ule unaweza kuuacha mtupu bila aibu yoyote. Nimewaona watu waungwana wakilipa mara mbili kwa kutovaa miwani.

Kuna wanaotoa siku ya kwanza, "ili anitunze vizuri." Mimi nikiwa mpokeaji sikukataa, lakini nilijua ninachopokea, na nawe mtu wa nchi ya takrima unajua.

Sasa zawadi isiyogharimu hata senti, na ambayo ningebadilishana nayo bahasha nyingi nilizopata. Baada ya safari kampuni hutuma fomu ya maoni kwa barua pepe. Andika jina la kijana kama lilivyo kwenye beji yake, kazi yake, na alichofanya hasa. Jina langu liliandikwa na wageni mara tatu katika mkataba mmoja, na mkataba uliofuata nikapandishwa kuwa mhudumu kamili. Ila nakuonya wewe hasa, mwalimu. Wewe utampa 8 kati ya 10 na kujiona mkarimu, kwa sababu darasani kwako 8 alikuwa mtoto wa kujivunia. Melini 8 ni kuitwa ofisini. Weka 10, uache ualimu nyumbani kwa dakika tano.

Hili linanifikisha kwenye swali lako la dawa. Fomu ya safari ile pengine muda wake umepita, lakini barua haipitwi. Iandikie kampuni: jina la meli, tarehe, namba za vyumba viwili, jina la kijana. Taja taulo. Kisha mwombe mwanao apige simu huduma kwa wateja aulize kama makato yale yanaweza kurudishwa kwenye safari ileile. Wakikubali, vyema. Wakikataa, pale bandarini Galveston kuna kituo cha mabaharia, kama vilivyo katika bandari nyingi duniani. Hata kwetu Mombasa Mission to Seafarers, jumuiya iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1856, ina kituo chake karibu na Kilindini. Vituo hivi vinawapa mabaharia intaneti, usafiri wa kwenda madukani, mahali pa kukaa saa mbili pasipo na kengele ya kazi. Nimewahi kulia kwenye simu ndani ya kituo kama hicho, siku niliposikia mama amefariki na meli inang'oa nanga baada ya dakika arobaini. Mama mmoja mzee wa kujitolea alinisogezea chai bila kuuliza kitu. Fedha ya mwanao ikienda huko haitamfikia kijana wa Likoni, lakini itamfikia mwenziwe.

Na mwanao usimwambie amedhulumu. Mtu mzima akisikia neno hilo anatafuta risiti za kujitetea, na risiti anazo. Muulize tu kama anakumbuka jina la yule kijana. Usiongeze neno, nyamaza. Nyinyi walimu mnajua kunyamaza kunavyofanya kazi.

Mjukuu naye mpe karatasi na kalamu za rangi, amchore tembo wa taulo na kima wa taulo, na majina aliyowapa, mtie kwenye bahasha ya ile barua yako. Chini kule kuna korido ndefu ya wafanyakazi, kuta za chuma, taa nyeupe usiku na mchana. Michoro ya watoto nimeiona imebandikwa pale ukutani mpaka karatasi imekuwa ya njano, na watu wanaipita saa kumi na moja alfajiri wakienda kazini.

Visheti mwachie atakaporudi Likoni. Na ukishuka Mombasa kabla yake, mimi siku hizi sikaguliwi na mtu.

Baharia Mstaafu